Jibu Lisilo Kwenye Kifungu

Dhonirampur
12 Julai 1998

Shangazi yangu Roushan Ara,

Assalamu alaykum. Baada ya salamu nagusa miguu yako kwa heshima, japo kwa mbali. Sisi hatujambo. Mama anaumwa magoti kama kila mwaka mvua zikianza, ng'ombe mwekundu amezaa, na maji ya mto yamefika kwenye mianzi ya jirani. Huenda hunikumbuki. Mara ya mwisho uliponiona nilikuwa sina meno ya mbele. Mimi ni Lutfa, binti wa kaka yako Motaleb. Anwani yako nimepewa na Rizia, anayelala hosteli kwako. Tulisoma naye hapa.

Shida yangu ni hii. Mwaka jana nilifanya mtihani wa kuingia chuo kikuu huko Dhaka. Masomo mengine nilivuka. Kiingereza kina maswali thelathini na lazima mtu apate alama kumi na mbili. Nilipata saba na nusu. Chuo kinaruhusu kujaribu mara mbili tu, na mara ya pili ni Desemba hii. Msamiati nakariri mpaka macho yanawasha, sarufi si mbaya, lakini nikifika kwenye vifungu vya kusoma napotea. Rizia anasema kila msimu wewe huwavusha wasichana wako. Nifundishe kwa barua. Na ikiwa kitanda kitakuwepo, Novemba nije nikae kwako mpaka siku ya mtihani.

Baba ni mzima, bado yuko dirishani kwake posta.

Mwanao,
Lutfa


Dhaka
24 Julai 1998

Lutfa,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima. Nina wasichana kumi na wawili na choo kimoja, na kila mmoja ana sababu ya kuwa wa kwanza asubuhi. Mwambie mama yako apashe mafuta ya haradali na kitunguu saumu, ajikande magoti kabla ya kulala. Wasalimie wengine waliopo.

Tuanze na hesabu. Hukuniambia ulijibu maswali mangapi wala mangapi yalikuwa sahihi. Haidhuru. Mwandiko wako umejaza karatasi mpaka pambizoni, kwa hiyo wewe si mtu wa kuacha kitu wazi. Ulijibu yote thelathini. Kila kosa linakata nusu alama. Ili mtu atoke na saba na nusu, lazima awe amepata kumi na tano na kukosa kumi na tano. Sasa sikiliza: yale makosa kumi na tano, kumi ungeyaacha bila kuyagusa, ungepata kumi na mbili na nusu, na leo ungekuwa chuoni unalalamikia dengu za bwalo. Hukuangushwa na usiyoyajua. Uliangushwa na aibu ya kuonekana hujui.

Kila swali lina majibu manne. Huwezi kufuta hata moja, acha, nenda mbele. Ukifuta moja, kubahatisha ni sare, hupati wala hupotezi. Ukifuta mawili, jibu, na usirudi nyuma kulitazama tena. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na wasichana wa mawakili wameilipia kwa kunifulia mapazia.

Mimi chuo sikukiona. Nilitolewa shule darasa la tisa ili mwingine amalize, ukoo ukasema hakuna uwezo wa wawili, nikaozwa. Kiingereza changu nimekiokota chini ya vitanda. Kila msimu wasichana wanaacha vitabu vyao vya maswali, nami huvisoma nikishakunja mashuka. Kusahihisha atasahihisha Rizia, anayesomea lugha hiyo mwaka wa pili. Hesabu ni zangu.

Nakutumia maneno mia na vifungu vitatu. Maneno usiyakariri kwa mstari kama kasuku. Yafunge kwenye vitu vya nyumbani. Neno la "kusita" mpe yule ndama anapofika kwenye maji. Neno la "ubahili" unajua mwenyewe utampa nani hapo kijijini.

Kuhusu kitanda. Nyumba yangu ina sheria. Mlezi wa msichana huniandikia kwa mkono wake kwamba ananikabidhi binti yake. Wazazi wa hawa kumi na wawili wote waliandika. Wa kwako naye aandike. Mstari mmoja unatosha. Mwandiko wake naujua.

Shangazi yako,
Roushan Ara


Dhonirampur
9 Agosti 1998

Shangazi,

Assalamu alaykum, nagusa miguu yako. Maji yameingia uani. Kuku wamehamia darini, jiko tumelipandisha juu ya kitanda cha mbao, na Mama anapika akiwa amekunja sari mpaka magotini. Mafuta ya haradali yanamsaidia, anakuombea dua.

Maneno mia nimeyamaliza. "Kusita" nimempa ndama kama ulivyosema. "Ubahili" nimempa mwenye duka la chumvi, na sasa nikimwona nacheka, naye anadhani nina wazimu.

Majibu ya vifungu yamo humu. Kile cha mtu anayemwacha mbwa wake kituo cha treni kilinitoa machozi. Swali liliuliza yule mtu alihisi nini alipopanda behewa bila kugeuka. Nimejibu majuto, na sina shaka.

Mama amepiga marufuku mayai nyumbani mpaka matokeo yatoke. Anasema yai lina umbo la sifuri, na mwaka jana nilikula mawili wiki ya mtihani. Pia hataki nitoke juani, na kila jioni ananipaka manjano usoni. Vinginevyo hakuna jipya.

Mwanao,
Lutfa


Dhaka
20 Septemba 1998

Lutfa,

Wa alaykum salaam. Barua yako ya tarehe tisa Agosti imenifikia juzi. Ninajua kuna mafuriko. Hata mtaani kwetu tumetembea juu ya matofali wiki nyingi, na wasichana watatu wamerudi kwao. Lakini nitasema lililo moyoni, maana sikuzaliwa na subira. Barua zetu zinapita dirisha moja, chini ya mkono mmoja, na mkono huo una mazoea.

Hukuambiwa, basi mimi nakuambia. Nilipoachana na mume wangu, baada ya yeye kuleta mke wa pili na kunitoa chumbani mwangu, nilikuja huku Dhaka nikashona mashati kiwandani. Nilimwandikia baba yako. Sikuomba chochote, nilisema niko hai na ninakaa wapi. Barua ikarudi, na mbele ina muhuri: MPOKEAJI AMEKATAA. Nikaandika ya pili, nayo ikarudi na muhuri uleule, umegandamizwa vizuri, wino haukuvuja. Posta ile ina mhudumu mmoja tu. Kwa hiyo aliyekataa na aliyepiga muhuri ni mtu mmoja. Tangu hapo jina lake sijaliandika juu ya bahasha, wala sitaliandika.

Sasa majibu yako. Msamiati, Rizia amekupa tisini kwa mia. Sarufi nzuri, ila vihusishi unavirusha kama mchele wa harusi. Vifungu ndipo unapozama. Yule mtu wa mbwa, umeandika majuto. Nionyeshe neno. Kifungu kinasema alimshusha mbwa, akapanda, hakugeuka, treni ikaondoka. Majuto umeyatia wewe. Jibu lilikuwa la nne: kifungu hakielezi. Mtu asiyegeuka anaweza kuwa analia, au shingo inamuuma, au amemwona mdai wake. Lutfa, jibu liko kwenye kifungu, haliko moyoni mwako. Moyo wako utakukata nusu alama kila utakapofungua mdomo.

Mayai, mwambie mama yako nasema hivi: moja ni sifuri, lakini mawili yakipangwa juu na chini ni nane. Ale na yeye.

Na jambo la mwisho. Hakuna mama anayempaka binti manjano kila jioni kwa ajili ya Kiingereza. Ni nani huyo, na ni lini?

Kitanda cha dirishani kiko wazi. Sheria ni ileile.

Roushan Ara


Dhonirampur
4 Oktoba 1998

Shangazi,

Assalamu alaykum, nagusa miguu yako. Maji yametoka, yameacha tope kila mahali na samaki mmoja kwenye sanduku la nguo. Mama mzima. Ndama alikufa. Neno la "kusita" sasa sijui nimpe nani.

Umeuliza, nitajibu. Ni mtoto wa mwenye kinu cha mpunga kule mjini. Si mtu mbaya. Walikuja kuniona mwezi wa Juni wakanitembeza chumbani kutazama miguu yangu. Wamesema wanasubiri mtihani, nikivuka wataelewa, nisipovuka ni harusi mwezi wa Februari. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa utanihurumia badala ya kunisahihisha.

Katika vifungu vya mara hii nimeacha wazi maswali manne. Mkono uliniwasha kama umeguswa na upupu, lakini niliuzuia.

Shangazi, naomba usinikasirikie kwa haya yanayofuata. Nami ninakuwekea kifungu.

Katika mafuriko gari la barua halikufika kwetu kabisa. Baba alikuwa anakwenda mwenyewe hadi kwenye tuta la barabara kuu, juu ya chelezo cha migomba, akisukuma kwa mti, kuchukua mfuko wa posta. Barua yako ya Julai aliileta ameifunga kwenye plastiki ya mbolea, ndani ya shati, karibu na ngozi. Mwili wote ulikuwa umelowa mpaka ndevu. Aliiweka mezani, maandishi yako yakitazama juu, akaenda kunawa mikono, akarudi, akasema, "Ya kwako." Hakuifungua, maana gundi ilikuwa haijaguswa, na hakuniuliza umeandika nini. Kila barua yako huileta hivyo. Barua za watu wengine husubiri asubuhi.

Swali: mtu huyu anahisi nini kwa dada yake?

Umeshajibu, Shangazi, tena kwa wino. Lakini nionyeshe neno. Kifungu kinasema tu aliileta kavu. Na ile mihuri miwili ya zamani, kifungu hicho pia sijaona mahali kinapoeleza kwa nini. Kwa sheria yako mwenyewe, hilo lilikuwa swali la kuacha wazi.

Mstari mmoja wa Baba sina. Nilimwomba mara moja. Alichukua kalamu, akakaa nayo mpaka chai ikapoa, akairudisha mfukoni. Sitamwomba tena.

Mwanao,
Lutfa


Dhaka
17 Oktoba 1998

Lutfa,

Wa alaykum salaam.

Barua yako nimeisoma, nikampa Rizia aisome kwa sauti nikiwa nakata vitunguu, ili nikitokwa na machozi watu wasiulize. Umekuwa na ulimi. Mimi niliutoa kwa bibi yako, sijui wewe umeutoa wapi.

Njoo mwanzoni mwa Novemba. Sheria ya nyumba ni yangu na ninaweza kuikunja nikitaka. Njoo na blanketi na sahani yako. Huyo atakayekusindikiza ajue hosteli ya wasichana haiingii mwanaume, hata akiwa postamasta.

Maswali manne uliyoacha wazi, matatu ungeyakosa. Umeokoa alama moja na nusu. Endelea.

Roushan Ara


Dhonirampur
9 Desemba 1998

Shangazi,

Assalamu alaykum, nagusa miguu yako, na safari hii miguu nimeiona kwa macho. Mimi na Baba tulifika salama. Basi liliharibika kivukoni tukalala humo. Mama amenichana nywele na kuniuliza kama ni kweli unawaadhibu wasichana kwa kuwakaririsha maneno wakati wa kupiga deki. Nimesema ni kweli.

Nimekuwa nikiupitia mtihani kichwani. Maswali tisa ya Kiingereza niliyaacha wazi. Msimamizi alipita akaona nafasi zile akatikisa kichwa, akaniambia nisikate tamaa, muda bado upo. Nikamwambia sijakata tamaa, nahesabu. Kulikuwa na kifungu cha mwanamke aliyefunga duka mapema. Swali liliuliza kwa nini. Nilijua kabisa kwa nini, Shangazi, moyo wote ulijua. Nikaweka alama kwenye la nne.

Sasa niambie jambo. Mimi nilikuwa ndani. Nilipotoka nje ya geti niliwakuta wewe na Baba mmeketi kwenye gazeti moja, katikati pamewekwa yai. Njiani kote sikupata neno kutoka kwake. Nilimuuliza mlizungumza nini, akaniambia nilale, safari ni ndefu. Watu wa kinu wametuma salamu mara mbili wakiulizia matokeo. Mama bado ananipaka manjano, lakini sasa anasahau siku nyingine.

Mwanao,
Lutfa


Dhaka
18 Desemba 1998

Lutfa,

Wa alaykum salaam. Kitanda chako nimekifunika, sijampangisha mtu. Wasichana wanakuulizia, hasa aliyekuazima kandambili.

Umeuliza, nitajibu kama kifungu, bila kuongeza.

Ulipoingia, wazazi wote walitandika magazeti kando ya ukuta, kama kawaida yao, wengine na tasbihi, wengine na uji kwenye chupa. Baba yako alisimama peke yake chini ya mwavuli, na jua lenyewe la Desemba halina nguvu ya kumtoa mtu jasho. Amezeeka. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta yule mwenye nywele nyeusi, na maneno yangu yote nilikuwa nimemtengenezea yule. Nilitandika gazeti, nikaketi upande mmoja. Baada ya muda mrefu akaja akaketi upande wa pili.

Hatukusalimiana. Alipita muuza mayai ya kuchemsha na ndoo yake. Nikanunua mawili, na chumvi na pilipili, nikamsogezea moja. Hakulishika. Akasema, "Leo sili yai, Roushan. Na mimi nina mtihani."

Kisha nikamuuliza ile mihuri miwili. Akasema siku zile baba yetu alikuwa akikaa posta kutwa nzima, kiti chake karibu na dirisha, na aliutambua mwandiko wangu kabla bahasha haijatoka mfukoni. Akasema baba aliapa kwamba barua yangu ikiingia nyumbani, yeye atatoka. Nilisikiliza yote hayo mpaka mwisho. Nikamuuliza, "Mkono ulikuwa wa nani?"

Alitazama geti ulilopitia. Akasema, "Wangu."

Basi. Hakusema samahani na mimi sikusema si kitu, kwa sababu ni kitu. Tukakaa. Nililila yai langu, lake likabaki pale pale ulipolikuta. Ulipotokeza yeye ndiye aliyekuona kwanza, akasimama haraka mpaka gazeti likachanika.

Rizia ananiuliza kila siku kama nimemsamehe. Nimemwambia nalisoma swali. Kuna majibu manne. Kwamba alinichukia, nimelifuta, maana mtu haweki barua ya anayemchukia kifuani ndani ya mafuriko. Kwamba alinisahau, nimelifuta. Yamebaki mawili.

Matokeo yatabandikwa ukutani pale chuoni baada ya mwaka mpya. Nitakwenda mwenyewe. Usipakwe manjano ya mama yako kwa hofu.

Roushan Ara


Dhaka
6 Januari 1999

Kwa Bwana Abdul Motaleb
Posta ya Dhonirampur

Kaka,

Assalamu alaykum. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na magoti yake yamepoa kwa kuwa mvua zimekwisha. Mimi mzima.

Nimewaandikia wasichana wangu wote sheria moja: ukifuta majibu mawili, jibu na usirudi nyuma. Kwa hiyo jina lako liko juu ya bahasha.

Nilikwenda chuoni leo asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito, watu wanasoma ukuta kwa kugusa namba na vidole. Lutfa amepita. Kiingereza amepata kumi na sita na nusu. Aliniandikia kwamba aliacha tisa wazi, kwa hiyo amejibu ishirini na moja, sahihi kumi na nane, makosa matatu. Hayo matatu nitamuuliza akija. Jumla yake inamtosha kupata nafasi, na masomo yanaanza mwezi wa Machi.

Sikumwandikia yeye. Nimekuandikia wewe, umwambie wewe. Ukiirudisha barua hii na muhuri, hatajua, na wala sitaandika nyingine.

Kitanda cha dirishani ni chake. Mstari wa mlezi bado sina, na safari hii sheria siikunji.

Dada yako,
Roushan Ara


Dhonirampur
13 Januari 1999

Shangazi,

Assalamu alaykum, nagusa miguu yako yote miwili. Sisi wazima. Baridi imebana, Mama anaota moto wa makapi ya mpunga na hataki kusogea.

Barua yako ilifika jana. Sikuwepo, lakini mwenye duka la chumvi alikuwepo akingoja hawala ya mwanawe, naye amelisimulia soko zima. Anasema Baba alimwaga mfuko wa barua mezani, akaanza kupiga mihuri ya tarehe, ghafla mkono ukasimama hewani. Akaiangalia bahasha mbele na nyuma. Wateja wakadhani ina kasoro. Akaiweka kando, akawahudumia wote watatu mpaka wa mwisho, kisha akafunga dirisha adhuhuri haijaingia, jambo ambalo halijawahi kutokea hata kwa msiba.

Alikuja nyumbani ameiweka ndani ya shati. Hakukuwa na mvua. Aliketi kwenye ngazi akaisoma, akaisoma tena, halafu akaniita. Hakunisomea. Alinipa nisome mwenyewe kwa sauti, na nilipofika kwenye "makosa matatu" akacheka, mara ya kwanza tangu maji yatoke. Mama alilia, akaenda kutia manjano kwenye mchuzi wa samaki. Kwa watu wa kinu Baba alikwenda mwenyewe jioni, na sahani ya vitamu, akarudi na sahani tupu. Wameelewa.

Karatasi iliyokunjwa humu ndani ni yake. Ni mstari mmoja. Sikuusoma, ila niliona ameuanza kwa jina lako.

Aliporudi kutoka kinuni alinawa mikono, akaketi jikoni, akamwomba Mama amchemshie yai. Mama akamwambia marufuku imekwisha, achemshe mawili? Akasema moja linatosha. Alilimenya polepole, akatia chumvi, akala lote.

Mwanao,
Lutfa